Chini ya Jani la Nyanya

Nyuma ya nyumba yangu nina matuta manne ya nyanya. Ukiyatikisa majani asubuhi, huruka vijidudu kama unga uliopulizwa. Ndio inzi weupe, ingawa kwa kweli si inzi bali ni ndugu wa vidukari. Hukaa chini ya jani, na watoto wao hunata hapo kama magamba, wakifyonza maji ya mmea na kudondosha utamu unaoota ukungu mweusi kama masizi.

Mwaka juzi hasira ilinishika, nikanyunyiza dawa kali bustani nzima. Wiki moja nilijiona mshindi. Kisha wakarudi wengi kuliko mwanzo. Bwana shamba akaja, akageuza jani la mche wa pembeni nilioupita, akanionyesha magamba meusi kati ya yale meupe.

"Haya meusi, Mzee, yalikuwa upande wako."

Ndani ya kila moja alikuwamo mtoto wa nyigu, mdogo kuliko kichwa cha pini, akimla mdudu kutoka ndani. Nami nilidhani weusi ule ni ugonjwa! Mwaka 1926 mkulima mmoja wa Uingereza aliyaona magamba kama hayo, akauliza. Kituo cha utafiti cha Cheshunt kikaanza kuwazalisha nyigu hao na kuwagawia wenye nyumba za vioo.

Usiku ule, msomaji, sikuwaza nyanya. Niliwaza bweni. Nilipokuwa mkuu wa shule sukari iliibwa stoo, na kwa kuwa hakuna aliyesema nikawachapa wavulana wote wa bweni lile. Miaka mingi baadaye mmoja wao, sasa baba wa watoto, alinitembelea. Akaniambia kwamba siku ile alikuwa na karatasi mfukoni yenye majina ya wezi, akingoja tutawanyike anifuate ofisini.

"Baada ya fimbo, Mwalimu, niliitafuna."

Nimejitetea kwamba sikujua. Lakini kutojua kwangu kulinifaa: kuliniondolea taabu ya kuinama na kugeuza jani. Dawa haikukosea, wala fimbo, zilifanya nilichoziagiza.

Siku hizi nanyunyiza maji ya sabuni chini ya majani, na nimesimamisha kibao cha njano kilichopakwa grisi, maana rangi hiyo huwavuta. Majani yenye magamba meusi siyagusi. Yule mgeni nilimpa chai, tukazungumza habari za mvua, akaondoka bila mimi kumwomba radhi. Anwani yake ninayo.