Nuru iliyofika kwenye meza ya feza

Kuna swali ambalo waaminifu wengi wanajiuliza: je, nuru inaweza kupita katika mikono iliyomwaga damu? Mbele ya kujibu upesi, tuangalie kazi ya mchoraji mmoja wa Italia, Michelangelo Merisi, anayejulikana kwa jina la Caravaggio. (Hatusemi habari ya kuabudu picha. Picha inasomwa pia, kama barua.)

Katika mwaka 1600 picha zake mbili ziliwekwa katika kanisa la San Luigi dei Francesi, mjini Roma. Ya kwanza inaonyesha habari ya Matayo 9:9, siku Yesu alipomwita mtoza kodi. Watu watano wako mezani, nao wamevaa nguo za wakati wa mchoraji, si za wakati wa Yesu. Feza ziko mbele yao. Chumba kina giza. Ukutani kuna dirisha, lakini angalieni vizuri: dirisha lile halileti mwangaza wowote. Nuru inatoka upande wa kuume, juu ya kichwa cha Yesu, mahali tusipopaona, nayo inateremka ukutani njia moja na mkono wake ulionyoshwa.

Caravaggio alikuwa na desturi ya kuanza na giza. Alipaka kwanza kitambaa rangi nzito ya udongo, kisha akaongeza mwangaza pale tu alipotaka tutazame. Kwa hiyo giza lake si pambo. Ni mahali watu wanapokaa na kufanya kazi yao ya kila siku.

Na nuru ile inafanya nini? Haiwafukuzi watu mezani, wala haimlazimishi mtu. Mwanaume mwenye ndevu ananyosha kidole, kama anayeuliza: Ni mimi? Watu wa elimu wanabishana hata leo, wengine wakisema anamwonyesha kijana aliyeinama mwisho wa meza, na kwamba Matayo ni kijana yule. Kwangu mimi Matayo ni yule mwenye ndevu, maana ndiye aliyeinua uso na kushangaa. Kijana yeye anahesabu tu. Karibu naye mzee amevaa miwani apate kuona hesabu vizuri, na kwa miwani yake yote hamwoni Yesu aliyesimama chumbani! Nuru imewagusa hao wawili kama wenzao. Hawawezi kusema walikosa mwangaza.

(Tena kuna jambo la kuchekesha kidogo: kwa miaka mingi wageni wa kanisa lile wametia feza katika mashine ili taa iwake, wapate kumwona mtu anayeacha feza.)

Sasa turudi kwenye swali letu. Tarehe 28 Mei 1606, katika mapigano mjini Roma, Caravaggio alimwua mtu aliyeitwa Ranuccio Tomassoni. Akahukumiwa kufa, akakimbia: Napoli, Malta, Sicilia. Akafa mwaka 1610, akiwa na miaka 38. Picha zake kadhaa kubwa alizichora katika miaka ile ya kukimbia.

Wengine watasema: tupa kazi yake yote. Wengine watasema: alikuwa na kipaji kikubwa, tumsamehe. Naona hao wote wanataka kumaliza shauri haraka. Tomassoni alikufa, na hakuna picha inayomrudisha kwa watu wake. Lakini nuru ile haikuwa mali ya mchoraji. Yeye mwenyewe aliweka chanzo chake inje ya picha, mahali mkono wake usipofika. Wala hakujipa nafasi ya watakatifu. Katika picha ya Daudi iliyoko Galleria Borghese, kichwa cha Goliati kilichokatwa kina uso wa Caravaggio, ndivyo walivyoshuhudia watu wa zamani, na Daudi anakitazama bila furaha.

Lakini picha inayonisumbua zaidi ni ile ya pili ya San Luigi, ukutani ng’ambo ya mwito wa Matayo. Inaonyesha Matayo akiuawa. Mwuaji amesimama katika mwangaza mkali, na watu wanakimbia. Nyuma kabisa, gizani, kuna mwanaume mmoja anayekwenda zake huku akigeuza kichwa kutazama. Uso ule ni wa mchoraji mwenyewe, naye aliuchora karibu miaka sita mbele ya kumwua Tomassoni.