Je, feza ni sauti?

Mtu anayeomba kura ana gharama: magari, karatasi, matangazo ya radio. Hilo si kosa. Lakini feza hizo zitoke kwa nani, tena kwa kiasi gani? Swali hili limewagawanya watu wa Marekani tangu zamani.

Mwaka 1907 sheria yao ilikataza makompani kuwapa feza waomba kura katika uchaguzi wa taifa. Mwaka 1974, baada ya aibu ya Watergate, waliweka mipaka miwili: kiasi cha kumpa mwomba kura, na kiasi cha kutumia. Mwaka 1976 mahakama kuu iliacha mpaka wa kwanza, ikafuta wa pili, maana kuzuia matumizi ni kuzuia maneno. Mwaka 2010 waamuzi 5 juu ya 4 walikubali makompani na vyama vya wafanyakazi watumie feza bila mpaka kwa matangazo yao wenyewe, bila kumpa mwomba kura mkononi.

Watetezi wa uhuru wanasema: Nikinunua matangazo kwa feza yangu, serikali inaninyamazisha kwa haki gani? Neno hilo lina uzito. Wanaotunga mipaka ni wale wanaotawala, nao wanajulikana tayari. Mpaka mdogo mno humfunga mgeni.

Watetezi wa usawa wanajibu: Kura ni moja kwa kila mtu. Mbona sauti ya tajiri mmoja ifunike sauti za maskini elfu?

Basi, nani ana haki? Tupime vema. Maneno ya mtu naweza kuyasikiliza, kisha nikayakataa. Lakini zawadi kubwa humfunga aliyeipokea, na dawa ya deni ni kulipa. Je, deni halipo kwa kuwa feza haikupita mkononi mwake? Lipo, maana anamjua aliyemlipia. Naye atalipa kwa nini? Kwa sheria, kwa kodi, kwa kazi za serikali: vitu visivyo vyake. Hivyo raia hulipa deni asilolikopa.

Kwa hiyo uhuru wa kusema ulindwe, lakini mlipaji ajulikane, na zawadi ziwe na mpaka. Hata mahakama ile ya 2010, kwa waamuzi 8 juu ya 1, ilikubali sheria idai majina ya walipaji.

Nasi pia, msomaji, tukiletewa chumvi na vitenge siku za kura, tusiulize tu: Nani ametoa? Tuulize: Nani atalipa?