Cheche Ndogo, Msitu Mkubwa



Wapendwa vijana wenzangu, Mtume Yakobo alipotaka kutuonya juu ya ulimi (Yak 3:5), alichukua mfano wa moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Leo naomba tuutazame mfano huo kama ulivyo, maana kwetu umeshatokea.

Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka. Taarifa za awali za TANAPA zilisema moto ulianzia Whona, wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Hakuna aliyekusudia kuuchoma mlima. Mamia ya watu, wakiwemo wanafunzi wa Chuo cha Mweka, walipanda kupambana nao siku baada ya siku.

Sasa mtu atasema, "Mimi naishi mbali, inanihusu nini?" Inakuhusu. Msitu ule hunasa mvua na ukungu, ukashusha maji taratibu hadi kwenye mifongo ya Wachaga na Mto Pangani. Ukiungua, anayeumia ni bibi wa kijijini na mkulima wa bondeni, ambao hawakuwasha hata kiberiti. Ndiyo maana naamini kuchunga moto ni sehemu ya amri ya kumpenda jirani.

Tena kwenye Misa hatuungami maovu tuliyotenda tu. Tunaungama hata wajibu tulioacha kuutimiza. Mioto mingi huanzia hapo. Mtu kaacha makaa hayajazimika. Mwingine kamwona jirani anachoma shamba saa nane mchana, upepo unavuma, akanyamaza. Na kiangazi kinavyozidi kuwa kikali, uzembe wa namna hiyo unatugharimu zaidi.

Kwa hiyo VIWAWA tusisubiri moshi. Tujitolee kufyeka barabara za kuzuia moto kabla nyasi hazijakauka. Anayelazimika kuchoma shamba apate kwanza kibali cha kijiji, asubiri upepo utulie, na awe na watu wa kulinda. Mrina asali asiondoke mwenge ukifuka. Ukimaliza kupika porini, mwaga maji, koroga majivu, kisha sogeza mkono. Bado kuna joto? Rudia.

Mungu alimkabidhi mwanadamu bustani aitunze (Mwa 2:15). Hakutukabidhi majivu.

Tuombe: Ee Bwana, washa ndani yetu moto wa mapendo yako, na utujalie kuwa macho juu ya moto ulio mikononi mwetu. Amina.