Swala ya Msafiri Mjini Kwao
Mwaka 630 Mtume (s.a.w.) aliingia Makka, mji aliozaliwa. Ibn Abbas anapokea kwamba alikaa humo siku 19 akipunguza swala, za rakaa nne akizisali mbili. Mjini kwao alisali kama msafiri, kisha akarudi Madina, na huko ndiko alikozikwa.

Habari hiyo hainitoki moyoni tangu nirudi Unguja kutoka Leicester. Pasi yangu ni ya Uingereza. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, basi kwetu nimeingia kwa viza. Hilo nalivumilia. Zito ni la nyumbani: dada yangu, aliyemuuguza mama hadi mwisho, hunikalisha sebuleni na kuniletea chai kwa vile vikombe vya kabatini. Jikoni haniiti.

Kifiqhi sina shaka. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyenuia kukaa siku nne kamili haachi rakaa. Nami nimenuia kufia hapa, basi nasali nne. Lakini nia ni baina yangu na Mola wangu. Dada halazimiki kuiamini. Ana haki yake kwa miaka ile ya kuuguza, na nataka aniambie mwenyewe anachonidai, nimsikilize bila kumtajia fedha nilizokuwa natuma.