Mtoto Aliyekwama Lam Yakun



Tumeletewa barua na ndugu yetu mmoja, mtu wa Mombasa aliyehamia Tulia, huko bara ya Kitui, kwa ajili ya biashara. Ana mtoto wa miaka 10, naye humsomesha Kurani mwenyewe kila siku baada ya sala ya Magharibi. Mtoto alianza vyema, akapanda kutoka Kul-audhu hata Idha Zulzilat kwa furaha. Alipofika Lam Yakun akasimama, na huu ni mwezi wa nne. Sasa Magharibi ikiadhiniwa tu, tumbo lamuuma. Baba atuuliza: ampige, au amwache?

Twajibu: wala hili, wala lile.

Kwanza na tuutazame mzigo wenyewe. Idha Zulzilat ina aya 8, na Lam Yakun ina aya 8. Lakini za ile ni fupi, mtoto huzimaliza kwa pumzi moja moja. Na za hii nyingi ni ndefu, pumzi humkatikia njiani, na akirejea hajui alipoachia. Kila aliyepita chuoni, akijikumbuka kwa haki, ajua kuwa hapa wengi wetu tulilia. Basi mtoto huyu hakuichukia Kurani. Amechoka kuaibika mbele ya babake, na hata mtu mzima hapendi kwenda kila jioni mahali pa kuaibishwa.

Tulio wengi tulisomeshwa kwa bakora, na twapenda kusema kuwa ndiyo iliyotufikisha. Tusijidanganye. Wangapi katika wenzetu walihitimu, wakafanyiwa karamu, na tangu siku ile hawakufungua msahafu ila matangani? Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameeleza katika Mukadima yake kuwa mwanafunzi alelewaye kwa ukali moyo wake husinyaa, akazoea uvivu, uongo na hila kwa kuuogopa mkono. Na Imamu Ghazali katika Ihya ataka mtoto aachiwe acheze baada ya kusoma, kwani kumnyima mchezo na kumshikilia masomoni daima huua moyo wake.

Ama kumwacha, ni kumwambia kuwa Kurani si yake. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwa Mtume (S.A.W.) kuwa asomaye kwa kukwamakwama, na kusoma kukamtaabisha, ana ujira mara mbili, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Je, mtoto huyu amepata kuambiwa hayo, au huhesabiwa makosa tu? Na Kurani yenyewe ilishuka kidogo kidogo, kwa muda wa miaka 23.

Basi baba naaikate aya vipande vitatu, amwonyeshe mtoto pa kuvuta pumzi, na kipande kimoja kitoshe kwa jioni moja. Dakika kumi, kisha akacheze. Siku nyingine asome baba, mtoto asikilize tu. Na Ijumaa airejee Idha Zulzilat mbele ya mamake, apate kujiona msomaji.

Jina la mji wake, kwa Kiswahili chetu, ni amri. Twamwomba ndugu yetu aitii yeye kwanza.

Mwezi ujao atuandikie mtoto amefika wapi. Na kama hajasogea, lakini tumbo limepona, atuandikie vilevile.