Kinywa na Karatasi

Watu huwa wepesi kumwamini aliyeandika kuliko anayesimulia. Mwandishi huonekana hana machozi wala deni la kudai. Msimuliaji huangaliwa kwanza usoni. Akiwa mzee aliyechakaa, maneno yake huitwa manung'uniko.

Mwaka 2005 mwanahistoria Mmarekani Caroline Elkins alichapisha kitabu kuhusu kambi ambamo serikali ya kikoloni ya Mwingereza iliwafungia Wakikuyu nchini Kenya wakati wa uasi wa Mau Mau. Mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Pulitzer. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka vinywani mwa wazee waliozoea kuyasema hayo kwa sauti ya chini, maana Mau Mau iliendelea kuwa haramu kisheria hadi 2003, Kenya ikiwa na karibu miaka 40 ya uhuru.

Tuzo haikuongeza ukweli hata chembe, iliongeza masikio. Na masikio mapya huja na maswali. Wapo wataalamu waliosema makadirio ya Elkins ya vifo yamezidi, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa: aliyepigwa hukumbuka fimbo, hahesabu maiti. Waliokosea ni wale waliotoka kwenye hesabu yenye shaka wakarukia kukana kipigo chenyewe.

Isitoshe, karatasi nayo hudanganya, tena kwa utulivu. Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 waliokataa kazi ya shuruti walipigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walifariki baada ya kunywa maji. Maiti zilipochunguzwa, zikakutwa na majeraha ya kipigo. Mfungwa mwenzao, Wambugu wa Nyingi, alipigwa siku hiyo, akazimia, akatupwa pamoja na maiti. Kwa muda, basi, maandishi yalisema maji na mgongo wake ukasema rungu, na yaliyosikika London ni maandishi.

Mwaka 2009 mzee huyo na wenzake wanne waliishtaki serikali ya Uingereza. Kesi ikiendelea, mwaka 2011, serikali ikakiri kwamba inayo maelfu ya mafaili ya makoloni yake ya zamani, yaliyoondolewa kimyakimya uhuru ulipokaribia na kufungiwa katika kituo chake cha Hanslope Park, Uingereza. Ndani yake maofisa wenyewe walikuwa wameandikiana kuhusu mateso. Mwaka 2013 serikali ikatamka masikitiko yake, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Mwenye kovu alingoja barua za waliomtia kovu ndipo asadikiwe. Hata waliomtetea kwa moyo safi walihitaji barua hizo, kwa kuwa mahakama haina mizani nyingine.

Baadaye Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walifungua madai yao. Mwaka 2018 yakatupwa. Muda mwingi mno ulikuwa umepita. Sheria ya ukomo wa muda ina busara yake, kwani mashahidi hufa na kumbukumbu huchujuka, na si haki kumtaka mtu ajibu asichoweza tena kukichunguza. Lakini katika miaka hiyo iliyohesabiwa dhidi ya wadai, upande mmoja ulikuwa na wazee wanaozeeka, na upande wa pili ulikuwa na mafaili.