Mbuzi ya Nazi ya Jirani

Wanangu, juzi mlinigongea mlango saa saba usiku. Yule kijana wa tuktuk wa chumba cha mwisho alikuwa ameanguka uani, nanyi mmemzunguka na tochi za simu. Nikauliza, anaitwa nani? Mmoja akasema "Bosi." Mwingine akasema "Wa tuktuk." Simu yake iko mfukoni, imefungwa kwa namba ya siri. Miaka miwili mnakinga maji bomba moja naye, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwao ni Kaloleni au Kakamega. Alhamdulillahi, amepona. Lakini mimi usiku ule sikulala tena, maana swali hilo niliwahi kuulizwa zamani, nikakosa la kujibu.

Kaeni hapa barazani niwaeleze. Ngojeni kwanza ndege hiyo ishuke, ndipo tusikizane.

Nyumba hii hii ya Magongo, chumba cha pili kutoka ukumbini, mwaka 1993 alikaa mtu na mkewe na binti yao. Watu wa bara. Mume alikuwa kibarua bandarini, mke akipika mahamri ya kuuza. Sisi tukimwita Mama Mahamri, naye akiitika. Alfajiri, kabla ya adhana, nilikuwa naamshwa na mbuzi yake ya kukunia nazi: kwaru, kwaru, kwaru. Hakuwa na uchoyo wa tui wala wa iliki. Asiye na pesa alikula kwa deni, na deni lenyewe hakuliandika popote.

Mwanzoni mwa 1994 wakahamia Mtongwe, kodi ilikuwa nafuu. Siku wanapakia vyombo mkokoteni, mimi nilikuwa na arusi ya mdogo wangu na nazi chungu nzima za kukuna. Akaniachia mbuzi yake. "Baki nayo, jirani, arusi ikipita nitaifuata."

Sasa Mtongwe ni pale ng'ambo. Ukisimama Kipevu unaiona, maji tu yametutenga nayo. Lakini mtu wa kule mwenye kazi kisiwani ilimbidi ama azunguke hadi Likoni, ama apande feri ya Mtongwe yenyewe. Ijumaa asubuhi, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe iling'oa nanga na watu wapatao 400, ilhali uwezo wake ulikuwa watu 300. Haikwenda mbali. Kama mita 40 tu kutoka ukingoni ikalala ubavu, ikapinduka. Mita 40, wanangu, ni kutoka baraza hii hadi kibanda kile cha M-Pesa. Wakafa watu 272.

Wakati huo sisi hatukuwa na simu za mkononi. Habari ilitufikia kwa redio na kwa midomo ya watu waliotoka mjini wakilia. Kufika alasiri tukawa tumejua kwamba jirani zetu wote watatu walikuwemo: mume akiwahi kibarua, mke na beseni lake, na binti aliyekwenda kumsaidia kuuza.

Tulikwenda mochari watu watano kutoka mtaa huu. Mtu mwenye daftari akauliza, "Jina la marehemu?" Nikasema, "Mama Mahamri." Hakunicheka. Akaniambia kwa upole, "Mama, la kitambulisho." Tukatazamana. Sote watano tulikuwa tumekula kwa deni mkononi mwake. Tulijua kikohozi chake, tulijua mwendo wake gizani akienda kuchota maji. Jina lake hatukulijua, la mumewe hatukulijua, na kijiji chao hatukukijua. Zikapita siku kadhaa, hadi shemeji yake alipofika kutoka bara, baada ya kusikia redioni. Siku zote hizo walikuwa wamelala pale bila wa kuwaita.

Ndiyo maana sitaki mniambie mnamkumbuka mtu mliyemzika kama hamkumjua alipokuwa hai. Kumbukumbu huanza mtu angali anapumua. Muulize jirani jina lake, la baba yake, na kwao ni wapi. Muulize nani apigiwe simu likitokea la kutokea, kisha liandike jina hilo na namba hiyo karatasini, lisikae ndani ya simu iliyofungwa. Huko si kuingilia mambo ya watu. Wazee walisema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali, lakini jirani asiyejua jina lako umbali wake ni ule ule wa huyo ndugu.

La pili. Nikiwasimulia haya, daima hutokea mmoja akasema, "Bibi, ajali haina kinga." Methali hiyo ni ya kumliwaza mfiwa, mwenye chombo asiifanye kisingizio. Mwaka 2018, miaka 24 baada ya Mtongwe, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Viktoria, karibu kabisa na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Hebu fikirini: maiti zaidi ya mara mbili ya abiria waliostahili kuwemo. Bahari si ziwa, na Kenya si Tanzania, lakini kosa lilikuwa lile lile, na lilianza nchi kavu, kabla kamba haijafunguliwa.

Wala simlaumu aliyepanda. Kibarua akichelewa dakika kumi, nafasi yake hupewa mwingine, na watoto hulala njaa. Nyinyi wenyewe hupanda bodaboda mshikaki, na matatu ya kwenda mjini mnaning'inia mlangoni. Ukiweza kungoja, ngoja. Bora ufike umenuniwa. Lakini maneno yangu makali nawawekea wale miongoni mwenu watakaokuwa makondakta, makarani na mabaharia. Siku moja utasimama langoni na mnyororo mkononi, na watu wanakusukuma na kukutukana. Funga. Ile 272 ilihesabiwa baada ya maji kutulia. Ile 300 ndiyo iliyotakiwa kuhesabiwa mapema, na ilihitaji mtu mmoja tu mwenye moyo wa kutukanwa.

Leo kuna barabara ya Dongo Kundu, mtu anatoka Miritini hadi kusini bila kugusa feri. Ni neema. Vijana wanapita mle kwa mwendo wa kasi, na Mtongwe kwao ni jina la kituo tu.

Sisi wa zamani, kila ikifika tarehe 29 Aprili, hupika mahamri tukagawia nyumba hadi nyumba. Waislamu tunaomba dua yetu, Wakristo wanasali yao, kisha chai. Wale watano tuliokwenda mochari tumebaki wawili, na mwenzangu haoni vizuri. Mwakani nataka nyinyi mkande unga.

Mbuzi yenyewe ndiyo hii. Mguu mmoja unacheza, nimeufunga waya, na meno yake nimeyanoa mara nyingi mno. Hakuifuata. Geuzeni kiti muone kwa chini: nilichora kwa msumari majina yao matatu, kama alivyonitajia shemeji yake. Siyasemi hovyo, nayasema kwenye dua.

Atakayetaka kukuna nazi na aje aazime, sina uchoyo nayo. Ila kwanza anitajie jina lake kamili.